Mektilda Amechana Madaftari Mawili

Kijiwe chetu kiko Bariadi, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye kibanda cha ushonaji cha Mektilda. Benchi moja, birika la kahawa la Athanasi juu ya mkaa, na sisi. Tukifika saa moja asubuhi tunamkuta keshafungua, cherehani bado imefunikwa kitambaa, yeye kainamia daftari. Anaandika riwaya. Mpaka saa mbili hapokei nguo wala simu. Mteja akiwahi anaonyeshwa kigoda kwa kalamu, asubiri. Mwaka mzima yuko hivyo, ukitoa ile wiki moja aliyofunga kibanda. Jumatatu hii tukamkuta anachana. Daftari la kwanza, kisha la pili, karatasi anawashia mkaa wa pasi.

— Mume kamkataza, alisema Mzani. Jina lake halisi Malimi, hupima pamba msimu ukifika, na ukiisha anatupima sisi.

— Mume yuko Malampaka mwezi wa pili huu, atamkatazaje? Huyo alikuwa Profesa, yaani Constantine, karani mstaafu. — Ni kichwa kimechoka. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Sasa mtu kainama mwaka mzima, damu yote imeshukia kichwani.

— Hachoki yule, nikasema. Siku ya kumzika mama mkwe wake aliandika. Mistari mitatu, nilimwona kwa macho yangu, ndipo akafunga akaenda msibani.

— Basi katishwa, alisema Mzani. Kuna mkubwa kajikuta ndani ya kitabu. Mwizi wa ng'ombe mwenye kitambi.

— Umekisoma? nikauliza.

— Sijakisoma. Lakini mzigo naujua kwa kuutazama.

Profesa akasogeza kikombe. — Nyie hamjui mambo. Kuna watu Dar wanaiba hadithi kwa simu. Ukiwaza tu karibu na simu, wameshachukua. Mbona yake anaizima asubuhi? Kachana makusudi, hadithi yote kaihamishia kichwani. Akiba haiozi.

Mzani akaanza kukubali. Jilala peke yake macho yake yalikuwa ng'ambo ya barabara. Ni mzee wa Sapiwi, kafuga ng'ombe maisha yake yote kabla ya kuhamia mjini kwa mwanawe. Kahawa yake ilikuwa haijaguswa.

— Ni mimi, alisema.

Tukamgeukia.

— Mwezi uliopita aliniita, akasema, babu, nisikilizie hapa kwenye ng'ombe. Kuna mjane anaitwa Holo, mtamba wake kapotea, anatoka kumtafuta. Mwezi wa tisa. Halafu kaandika Holo anapita kwenye majani yanafika magotini. Nikamwambia, mayu, mama yangu, mwezi wa tisa Sapiwi hakuna jani la kufika hata kwenye kifundo. Ng'ombe wako hawana kiu. Wewe umewaona wakivuka barabara tu.

— Ukamwambia hivyo hivyo? Profesa aliuliza.

— Hivyo hivyo. Akaandika pembeni ya ukurasa. Sikujua atachana. Mwaka mzima wa mtu.

— Umemponza, alisema Mzani. Ungesema ni nzuri, ungepungukiwa nini?

Mektilda alikuwa anavuka barabara, karatasi moja mkononi.

— Mwangaluka, alitusalimu, akapokea kikombe kwa Athanasi. Tukaona viganja vyake vina malengelenge.

— Mayu, umechana kwa sababu yangu? Jilala aliuliza.

— Kwa sababu ya ng'ombe, babu. Wiki ile mliyoona nimefunga, nilikwenda Sapiwi kwa mdogo wako. Siku nne. Nimechimba mchanga wa mto na wanawake wa pale mpaka maji yakaonekana. Niliporudi nikasoma daftari langu, nikaona anayesimulia ni mtu asiyejua. Nikajaribu kurekebisha. Nikifuta mstari mmoja, unaofuata unaanguka. Nikaona nianze upya.

— Haikuumi? nikamwuliza.

— Inauma. Jana sikula. Lakini leo asubuhi nimepata ukurasa. Nisikilizie tena.

Akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari:

— Holo aliwasikia kabla hajawaona. Walisimama juu ya ukingo, kumi na mmoja, wanatazama ndoo. Hakuna aliyekuwa akila, maana hapakuwa na cha kula. Akawahesabu, akarudia. Yule mtamba mwekundu hakuwepo. Akaweka ndoo chini, akatazama upande ambako vumbi lilikuwa bado halijatulia.

Akaishia hapo. Jilala alikuwa kafumba macho, na alipoyafumbua yalikuwa na maji.

— Hawa wana kiu, alisema. Hawa nawajua.

Mektilda akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akakunja karatasi yake. Mzani akasema polepole kwamba yeye kusoma hajui sana, lakini mkono uliochimba mchanga siku nne ili kuandika ukurasa mmoja, huo ni mzito kuliko robota la pamba. Hatukumcheka.

Nyuma yetu palikuwa na mama mmoja mgeni, faili kwapani, anasubiri gari la Lagangabilili. Alikuwa kasimama na kahawa yake muda wote huo.

— Samahani, alisema. Yule mtamba, alimpata?

Mzani akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Jilala. Jilala akamtazama Mektilda.

— Bado sijui, alisema Mektilda.

Gari la Lagangabilili likapiga honi. Yule mama hakugeuka.