Dada Aliyeshona Malengo Yake Ndani ya Aproni

Ndugu, jamaa na marafiki, anayewasomea ni mdogo wa marehemu. Mkiona nakwama, naomba mnivumilie.

Dada yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Pasi, alizaliwa tarehe 3 Mei 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Tulikuwa wawili tu. Mama yetu alipofariki mwaka 1974, mimi nilikuwa na miaka sita. Mwaka uliofuata dada alifaulu darasa la saba, akaiacha nafasi ya sekondari, akabaki nyumbani kunilea.

Machi 1979 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, na huko alifanya kazi miaka arobaini na miwili. Kule kila shuka huandikwa wodi yake kwa wino usiotoka hata likichemshwa. Kwa wino huohuo dada aliandika lengo lake la mwaka kwenye kipande cha kitambaa, upana wa vidole viwili, akakishona ndani ya aproni. Udogo ule ulikuwa wa makusudi. "Lisipoenea hapo," alikuwa akisema, "ujue bado hujajua unachotaka." Likitimia, alifumua uzi na kuandika jingine. "Kuezeka jiko, Julai." "Kujua baiskeli kabla ya mvua." Baiskeli ilimwachia kovu gotini, lakini aliijua.

Ndoa nayo ilipitia humohumo. Mwaka 1985 aproni yake ilifungwa kimakosa kwenye furushi la mashuka, na dereva wa gari la hospitali akasoma: "Kuolewa mwaka huu. Na mcheshi." Akairudisha kwa mkono wake.

"Mcheshi ni mimi," alimwambia, "ila mwaka unakaribia kwisha. Tuseme Januari?"

Dada hakuinua macho kutoka kwenye pasi. "Imeandikwa mwaka huu."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Desemba, wakajaliwa watoto wawili. Shemeji mpaka leo anadai alitegwa.

Lililomchukua muda mrefu kuliko yote ni cheti cha kidato cha nne. Alisoma masomo ya jioni, hesabu zikamwangusha mara mbili, na kipande kile hakukifumua. Alifaulu mwaka 2002, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Alinipigia simu ofisini akalia tu. Nami nililia, kwa sababu cheti hicho alistahili kukipata kabla yangu.

Alistaafu mwaka 2021, na figo zikaanza kumsumbua. Machi mwaka huu alinipigia simu.

"Mwaka huu nataka kitu kimoja tu. Uje ukae kwangu wiki nzima, siyo kulala siku moja na kukimbilia basi."

"Nitakuja, dada. Nikipata nafasi."

"Sema tarehe."

"Nitakupigia."

Malengo yake mengine yote yalikuwa mikononi mwake. Hili alilitia mikononi mwangu. Ni safari ya saa sita kwa basi, na nafasi nilikuwa nayo. Nitasingizia nini leo mbele yenu? Nilidhani dada yupo tu, kama alivyokuwepo siku zote.

Alilazwa tarehe 9 Agosti. Kila nilipompigia alisema anaendelea vizuri, nami nikaamini kwa kuwa ilikuwa rahisi kuamini. Hatimaye nilikata tiketi ya Ijumaa, tarehe 25. Alifariki Jumanne, tarehe 22 Agosti 2023, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na mdogo mmoja ambaye tangu Jumanne ameshika simu mara kadhaa ili ampigie.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko jema. Dada, nimefika. Nimekuja na begi kubwa, nitakaa wiki nzima.