Skwea ya Kache

Kijiwe chetu kiko Changamwe, nyuma ya ukuta wa depo ya mafuta: ubao juu ya matofali, na birika la kahawa la Hassan, fundi mwenzangu tunayemwita Injinia. Lewa, dereva mstaafu wa lori, ndiye Profesa. Mimi Gershom naitwa Mwalimu, kwa kuwa nilifika kidato cha pili, na Mungu anisamehe, jina hilo nalipenda. Asubuhi hiyo tulikuwa tukililia matokeo ya binti yangu Kache. Alitaka kusomea upimaji wa ardhi. Chuo kimemkataa, kapungukiwa alama tatu za hesabu.

— Wamemuonea, akasema Profesa. Msahihishaji akiona jina la pwani, kalamu yake yapata homa.

— Siku hizi yasahihisha mashine, Injinia akadakia. Joto letu lakunja karatasi, mstari ulionyooka waonekana umepinda.

— We!

— Wallahi! Na alama zikibaki, wampa mtoto wa matajiri wa Nyali.

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyedhulumiwa.

Kache akatokea na karatasi ya grafu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

— Mstari huu wapanda mbili kila ukienda moja kulia. Swali la mtihani, la alama tatu, lilitaka mwingine unaoukata skwea, pembe mraba kabisa. Baba alinifundisha hapa hapa: geuza alama tu, badala ya kupanda mbili ushuke mbili. Nimeuchora. Ami Injinia, hiyo ni skwea?

Injinia akainama, akapima kwa jicho.

— Skwea wapi! Huo mkasi. Nikijenga hivyo nafukuzwa saiti.

— Ilitakiwa kushuka moja kila ukienda mbili. Shuleni walituambia upindue mbili iwe nusu, na ugeuze alama. Nilipomwambia Baba, akasema mwalimu ananichanganya.

— Gershom, akasema Profesa. Kweli?

Hakuniita Mwalimu.

Misingi yote ya nyumba nilizojenga nimeipima kwa kamba, tatu, nne, tano, ili pembe ziwe skwea, na haujapinda hata mmoja. Ningeichora ile mistari chini kwa kijiti, ningeona. Lakini siku ile wenzangu walikuwa wakinisikiliza, nami nikaona utamu. Halafu nikaenda kanisani kumwombea afaulu.

— Baba, mbona hukusema hujui?

Profesa akatazama barabarani. Injinia akajikuna shingo.

— Nenda nyumbani, nikamwambia. Huoni wazee wanazungumza?