Kijiko Kimoja, Maji Chupa Nzima

Basi lilikuwa limekwama kwenye foleni pale fundi mwashi alipomwona binti wa kiti cha pembeni, aliyempakata mtoto mchanga, akitia kijiko kimoja cha maziwa ya unga kwenye chupa iliyojaa maji.

“Mwanangu, kopo linasema vijiko vingapi?”

“Vinne, mzee. Lakini nikitia vinne kopo halimalizi wiki. Na akinywa hivi analala, wala hanisumbui.”

“Wangu naye alilala hivyo hivyo. Nikajisifu nimepata mtoto mpole.”

Binti akacheka. “Kumbe nawe umelea?”

“Mama yake alituacha mtoto ana siku tisa. Hospitali wakanipa kopo, wakanipa pole, wakanitaka nitie sahihi. Kusoma kwenyewe nabahatisha, na hakuna aliyejisumbua kunionyesha vipimo. Kazi yao kugonga mihuri.”

“Si alikua lakini?”

Fundi akatazama mikono yake. Maisha yake yote hajawahi kuzidisha maji kwenye saruji ya mtu, hata wenye nyumba walipombembeleza. “Ana miaka tisa. Anavaa shati la mtoto wa jirani wa miaka mitano. Herufi anafundishwa asubuhi, jioni hana hata moja.”

“Hayo maumbile tu, mzee wangu. Usijitese.”

“Nao wa hospitali waliniambia hivyo hivyo, pale dirishani kwao.”

Basi likafika kituoni. Binti akashuka taratibu, asimwamshe mtoto. Chupa ilikuwa imebaki nusu, na kilichomo kilikuwa cheupe kidogo tu, kama maji aliyooshea fundi brashi ya chokaa.