Aliuzima kwa Ajili ya Wageni

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti, tuketi kidogo. Leo tunamkumbuka fundi wa mitambo ya kufuma mablanketi. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti. Kiwandani, mtaani, hata nyumbani kwake, aliitwa Paza. Miaka thelathini na minne kando ya mitambo ilikuwa imemla masikio, na kila aliyemsogelea aliambiwa neno hilo hilo: paza. Paza sauti, ndugu yangu, sikusikii. Jina likamganda.

Paza alifariki Jumamosi iliyopita, asubuhi, akiwa na miaka sabini na mmoja. Ni kifua. Nyuzi za sufu zinaporuka hewani hazipigi hodi, na huyu bwana alizivuta ujana wake wote.

Niseme ukweli, nimechoka. Kwenye meza hii nimeshamkumbuka fundi wa kiwanda cha sabuni, karani wa kiwanda cha misumari, na mama mmoja aliyekuwa akipanga njiti za viberiti. Kila mara naanza na mtu, namaliza na jengo lililofungwa. Leo pia ni hivyo. Ila Paza ana kisa chake, na mjane wake ameniomba nikisimulie bila kukitia chumvi. Nitajitahidi.

Kiwanda kilikuwa na mitambo arobaini na watu mia tatu. Zikumbukeni namba hizo: mitambo arobaini, watu mia tatu. Paza aliingia pale kwa ufagio. Alifagia miaka miwili, macho yakiwa kwa mafundi, mikono ikiwa sakafuni. Siku fundi mkuu alipougua, mfagiaji akaufungua mtambo, akaufunga, na ukafanya kazi. Ufagio akapewa mwingine.

Hakuwa akiisikia mitambo kama sisi. Aliweka kiganja juu ya chuma, akafumba macho, akakuambia mkanda upi umelegea. Mtambo namba kumi na saba aliuita Bi Mkubwa, kwa sababu ulikuwa mkongwe kuliko yote na haukupenda kuharakishwa. Mjane wake anakumbuka vizuri. "Mimi nilikuwa mke mdogo," aliniambia juzi. "Bi Mkubwa akiumwa, chakula kinapoa mezani."

Kisha serikali ikafungua milango. Ushuru wa mablanketi yanayotoka nje ukashushwa mpaka ukabaki jina tu. Tuliambiwa ushindani utatunoa. Taarifa ile ilisomwa kwenye redio hii, wasikilizaji wapendwa, na aliyeisoma ni mimi. Niliisoma kwa bashasha kweli kweli.

Mablanketi yakaja kwa makontena. Mepesi, laini, yana picha ya chui milia aliyekenua meno. Na tusimwonee mtu: mama mwenye watoto sita hakuwa na nafasi ya kuulizwa sera ya viwanda. Alitazama bei, akanunua. Blanketi la kina Paza lilikuwa zito, likichoma shingo kidogo, na lilidumu miaka ishirini. Lakini nani ananunua miaka ishirini kwa mkupuo?

Binti yake mkubwa alipoolewa, kati ya zawadi zilizoletwa kulikuwa na mablanketi kumi na moja ya chui. Kumi na moja, nyumbani kwa mfumaji. Wageni walipotambua walichofanya, kila mmoja akatazama kwingine. Paza akayapanga sebuleni, akacheka mpaka akakohoa, akasema nyumba imekuwa mbuga ya wanyama. Usiku ule, anasema mkewe, hakula.

Mitambo arobaini ikawa ishirini na miwili. Ikawa tisa. Mwisho ukabaki mmoja, namba kumi na saba, Bi Mkubwa, unaoishi kwa vipuri vya wenzake waliokufa. Watu mia tatu wakawa kumi na mmoja.

Hapo serikali ikageuka. Wakubwa walisema sasa viwanda vya ndani vitashikwa mkono. Ushuru wa bidhaa za nje utapandishwa, umeme wa viwandani utashushwa bei, na hospitali, magereza na shule za bweni zitanunua mablanketi ya hapa hapa. Sharti lilikuwa moja tu. Kiwanda lazima kikutwe kinazalisha. Kilichosimama hakiingii kwenye orodha, na orodha ni moja, hairudiwi mpaka baada ya miaka mitano.

Kwa Paza hii ilikuwa kufa au kupona. Mtambo mmoja ukitembea, kiwanda kiko hai. Kikiingia kwenye orodha, mwenye mali atakopeshwa, mitambo itafufuka, watu wataitwa. Tayari alikuwa ameandika majina ya watakaoanza kurudi. Aliyaandika nyuma ya kalenda, kwa penseli, majina sitini na manne.

Wakaguzi walitangaza kuja Jumanne. Wale kumi na mmoja wakafagia siku tatu. Wakapiga deki, wakafuta madirisha, wakaondoa kila uzi na kila punje ya vumbi la sufu. Paza akavaa shati jeupe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alimwambia mkewe akitoka, na mkewe akamfunga kifungo cha juu.

Saa tatu kamili wageni wakaingia, watu watatu, wakiongozwa na mama mmoja mwenye miwani. Bi Mkubwa alikuwa akinguruma, blanketi linatoka inchi kwa inchi. Yule mama akafungua kinywa kusalimia. Paza akaona midomo inacheza. Akaona mgeni anainama, anajikaza, anapiga kelele ndani ya kelele.

Paza akanyoosha mkono, akauzima mtambo.

Msinicheke, na msimcheke. Mtu aliyelelewa vizuri hamwachi mgeni apayuke mlangoni. Aliwanyamazishia wageni mtambo, wasemeshane kwa raha. Alijua wameshauona ukitembea. Alijua wataomba tena kuuona, naye atauwasha kwa kidole kimoja. Wakazungumza dakika arobaini. Wakanywa chai. Yule mama akasifu usafi. Hakuna aliyeomba mtambo uwashwe, na Paza hakuuwasha, kwa sababu wageni walikuwa bado wanazungumza. Wakaagana vizuri sana.

Barua ilikuja baada ya miezi minne. Mjane wake bado anayo, nami nimeishika kwa mkono wangu. Ina mistari miwili tu ya maana. Mtambo haukuwa ukifanya kazi wakati wa ukaguzi. Hapakuwa na dalili ya uzalishaji wa karibuni, sakafu ilikuwa safi.

Sakafu ilikuwa safi. Jamani.

Paza aliandika rufaa tatu. Alijibiwa kwamba taarifa imeshafungwa, asubiri orodha ijayo. Mwenye mali hakusubiri. Aliuza jengo, na leo ni ghala. Linahifadhi nini? Mablanketi ya chui, wasikilizaji wapendwa. Mnaweza kwenda kuyaona.

Wale wenzake kumi hawakumlaumu. Walimwambia hata wao wangeuzima. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, anasema mkewe. Angelaumiwa angejitetea. Sasa atajitetea kwa nani? Ile kalenda yenye majina sitini na manne haikushuka ukutani. Mwaka ukaisha, mwingine ukaisha, kalenda iko pale pale.

Mitambo ilipouzwa kama vyuma chakavu, mwenye mali alimwachia Bi Mkubwa. Ulibebwa kwa lori, ukavunjwa ukuta mmoja ili uingie chumba cha uani. Tangu siku hiyo Paza aliuwasha kila asubuhi, akafuma kipande kidogo, hata kama uzi ni wa kuunga. Na tangu siku hiyo hakuuzima tena kwa ajili ya mtu. Umekuja kumsalimu, utapiga kelele. Umekuja na barua, utapiga kelele. Shemeji yake alimletea habari ya msiba, akalazimika kuitangaza kama mnadani. Watu wakasema mzee amekuwa na kiburi. Hakikuwa kiburi. Ilikuwa hofu, na mkewe peke yake ndiye aliyeijua.

Jumatatu tulimzika. Asubuhi, kabla watu hawajajaa uani, binti yake mkubwa aliingia chumba kile, akauwasha mtambo. Ukanguruma. Tukaomboleza ndani ya kelele hizo hizo.

Ulipofika wakati wa salamu za rambirambi, akasimama mgeni kutoka ofisi ya biashara na viwanda. Mama mwenye miwani, nywele sasa zimekuwa nyeupe. Ndiye yule yule. Alikuwa na karatasi. Akaanza kusoma, na hakuna aliyesikia neno. Msimamizi wa shughuli akaona aibu, akamnong'oneza binti aende akazime, mara moja tu, mgeni asikike.

Mjane akainua mkono. "Msiuzime," alipaza sauti. "Aliuzima siku moja, ikatosha."

Uwanja mzima ukajua mgeni yule ni nani. Yule mama akaitazama karatasi yake. Kisha akaikunja, akaiweka mkobani, akamfuata mjane pale mkekani, akapiga magoti, akamsemesha sikioni. Nilimwuliza mjane aliambiwa nini. Alikunja kwanza ncha ya kanga yake.

"Alisema, 'Niliusikia nilipokuwa mlangoni, mama. Fomu ilitaka kilichokuwa kikitembea wakati naandika. Sikuuliza kwa nini kimesimama.'" Mjane akatikisa kichwa. "Nikamwambia amechelewa, lakini asante. Nitamgombeza vipi? Na yeye amezeeka."

Basi. Wasikilizaji wapendwa, kituo hiki kinatoa pole kwa mjane, kwa mabinti na wajukuu, na kwa wale wenzake kumi. Pole pia kwa watu sitini na wanne ambao majina yao yako nyuma ya kalenda, na wengi wenu mnatusikiliza hivi sasa bila kujua kwamba mliandikwa. Mungu amlaze mahali pema. Kwa ninyi mnaoshika kalamu na fomu, sina hotuba. Ukimkuta mtu ameacha kazi yake ili akusikilize, mwulize alikuwa akifanya nini ulipoingia. Hata sisi wa redio tulipaswa kuuliza mapema, badala ya kusoma tu tulichopewa.

Kwa kawaida hapa tunakaa kimya dakika moja. Leo hatutakaa kimya. Binti yake ameturekodia mtambo namba kumi na saba, ukitembea, asubuhi ya leo. Huo hapo, mnausikia unaingia. Fundi mitambo wetu ananiuliza kwa kidole kama apunguze, ili nisikike ninapowaaga. Nimemwambia asipunguze. Nimeshamaliza.