Kompyuta Iliyokwama Kila Alasiri: Maneno ya Akina Mama wa Munyaka kwa Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi, Madam Hellen Chelimo, msimamizi wa mradi wa kompyuta za vikundi; chifu wetu; wachungaji; na nyinyi wote mliokaa kwenye nyasi kwa sababu viti havikutosha:

Kabla hatujakukaribisha, tunaomba tukwambie neno tulilosikia mwezi wa pili mwaka huu wa 2012, likakataa kututoka kichwani. Lilianzia kwenye foleni ya mashine ya posho, hapa tunaposaga mahindi. Mtu alisema, "Mmesikia? Ile kompyuta ya akina mama inakubali jina la Kipkoech vizuri kabisa. Ikifika kwa Thuo, inakufa." Mwingine akaongeza, "Haifi. Inanyamaza tu ikituma majina mahali."

Aliyesema kwanza hatumjui hadi leo. Aliyeamini tunamjua. Mimi ninayesoma, Waiyego, mama Wacera, niliamini. Kikundi kimenipa kazi hii ingawa masomo yangu yaliishia darasa la saba, kwa sababu walisema wewe uliyeharibu ndiwe utawaonya wengine vizuri. Leo unagawa kompyuta kumi kwa vikundi vingine kumi. Tumefurahi nao. Pia tumewaogopea, ndiyo maana risala hii ni ndefu kuliko ile uliyoambiwa.

KARIBU

Karibu sana Munyaka, Madam. Chai iko, na mursik, maziwa ya kibuyu ya Turbo, imeletwa kwa heshima yako. Mlango mdogo unaouona pale, ubavuni mwa mashine ya posho ya Mzee Kipkemboi, ndio ofisi yetu. Mzee alitupa chumba hicho bila masharti, ila tu tusimpigie kelele. Tulicheka, maana mashine yake ndiyo haituachi tusikizane.

TULIKOTOKA

Sisi ni akina mama arobaini na wawili. Wengine tunakaa hapa Munyaka, wengine wanatoka upande wa Turbo. Tunayataja makabila waziwazi, Madam, kwa sababu uvumi wenyewe uliyataja: wa Munyaka wengi wetu ni Wakikuyu, wa Turbo wengi ni Wakalenjin, na wachache si huku wala kule.

Januari ya 2008, baada ya uchaguzi, nyumba zilichomwa, na ndani yake zikaungua karatasi. Wakati ule hakuna aliyelilia karatasi, tulikuwa tunahesabu watoto. Baadaye watoto walikua, shule zikaanza kuitisha cheti cha kuzaliwa ndipo mtoto aandikishwe mtihani wa darasa la nane. Kadi za kliniki hatuna. Cheti hatuna. Ofisi ya vyeti ikasema kila mzazi alete barua iliyopigwa chapa, na shahidi mmoja aliyejua mtoto akizaliwa.

Hapo ndipo tulipotafutana. Kwa maana shahidi ni jirani, na majirani zetu wa wakati ule walikuwa ndio wale tuliokuwa hatusalimiani tena. Mimi nilimzaa Wacera shambani karibu na Turbo. Aliyechemsha maji siku hiyo ni Jepchumba. Nilimpigia simu baada ya miaka minne. Akasema, "Ni wewe kweli? Yule mtoto wa nywele nyingi yuko darasa la ngapi?" Ilikuwa hivyo kwa wengi wetu. Kikundi tukakiita Tuandikane.

Mradi wako ukatupa kompyuta moja iliyotumika. Jepchumba ndiye aliyejua kupiga chapa, maana alikuwa karani kwenye stoo ya mahindi. Wenzetu wa Turbo walifika asubuhi ili wawahi gari la kurudi kukamua mapema. Sisi wa Munyaka tulikuja tukishafunga vibanda, kuanzia saa saba. Barua zikaenda kwa mpangilio huo, na hakuna aliyeufikiria.

Tuliipenda ile mashine. Tuliishonea vitambaa vya sindano, kama vya viti: kimoja juu ya skrini, kimoja juu ya lile boksi lake, na mwenyekiti wetu Mama Muthoni akafuma cha sufu nzito cha kufunika nyuma, kwa sababu nyuma kulikuwa na matundu na unga wa Mzee Kipkemboi unaingia kila mahali. Cha mbele tulikipandisha tu wakati wa kuandika. Hivyo vingine havikutoka.

MAMBO YALIVYOHARIBIKA

Wiki ya kwanza ilienda sawa. Wiki ya pili, kila siku ikifika kama saa nane, mashine inahang. Mshale umesimama. Ukibonyeza, kimya. Tunangoja nusu saa, pengine saa nzima, ndipo inarudi. Na saa nane ilikuwa zamu ya Munyaka. Kwa hivyo ilikwama kwa Thuo. Kesho yake ikakwama kwa Muthoni. Siku ya tatu kwa mtoto mwingine wa Munyaka. Hapo neno la foleni likapata miguu.

Madam, mwaka ule wa 2008 sisi tuliogopa orodha za majina. Huhitaji kuelezwa. Ukimwambia mama wa namna hiyo kwamba jina la mtoto wake limekwama ndani ya mashine, na anayebonyeza ni mtu wa upande ule mwingine, hatauliza habari ya umeme.

Siku ya Alhamisi ilifika zamu yangu. Jepchumba aliandika herufi tatu za Wacera, ikasimama. Nikamwuliza, "Mbona hapo?"

"Ngoja, itarudi."

"Itarudi kutoka wapi?"

Aligeuka akaniangalia. Nikainama nikavuta waya ukutani.

Jepchumba alikuwa akihifadhi barua zote kwa pamoja jioni, jinsi alivyozoea kufunga vitabu vya stoo. Kwa hivyo za siku hiyo zilikuwa hazijahifadhiwa hata moja. Aliweka mikono juu ya meza, akasema, "Mama Wacera, umezima watoto ishirini na watatu. Na wa kwako ndani." Akachukua mkoba wake akaenda.

Ofisi ilikuwa imetupa mpaka Ijumaa ya wiki iliyofuata. Wenzetu wa Turbo waliposikia, nao wakawa na uvumi wao: ati watu wa Munyaka wanaiharibu kusudi ibaki kwao. Kesho yake, Ijumaa, chumba kilikuwa kitupu. Tuliona kikundi kimekwisha.

Jumatatu asubuhi Jepchumba alikuja. Nilikuwa mlangoni, sikujua niweke wapi uso. Nikamwambia nilidhani hatarudi. Akasema, "Mimi ni shahidi. Nisiporudi, nani atasema huyu mtoto alizaliwa?" Halafu akaita wote: "Leo tuanze na nyinyi wa Munyaka. Wa Turbo wangoje mchana. Tuone hii mashine ina kabila gani."

Tukaanza, tukirudia hata majina yaliyokwisha kuandikwa. Thuo akapita. Muthoni akapita. Wacera akapita, nikamwona mzima, na jina la baba yake. Saa nane na dakika kumi mashine ikasimama. Ilikuwa imefika kwa Kipkoech.

Mama Kipkoech akasimama, mikono kiunoni. "Wueh! Sasa imenigeukia mimi? Mimi nimeikosea nini?"

Tulicheka hadi Mzee Kipkemboi akazima mashine yake kuja kuuliza nani amefariki.

FUNDI AWUOR

Kesho yake tulimleta Awuor, fundi anayetengeneza simu na kompyuta pale mjini. Hakuuliza majina ya mtu yeyote. Aliweka kiganja juu ya boksi, akakiondoa haraka kama aliyegusa kikaango. Akatoa kitambaa cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Nani alivalisha huyu mtu sweta?"

Mama Muthoni akasema, "Ni kuiheshimu, mwanangu."

"Mama, funika redio, funika thermos, funika viti, mimi sina neno. Hii inapumua kwa nyuma. Iheshimu ikiwa imezimwa."

Alipoifungua tuliona aibu. Sufu ya kitambaa na unga wa mahindi vilikuwa vimeshikamana kwenye feni, vigumu kama ukoko wa ugali. Alitoa kwa brashi, akapuliza kwa pampu ya baiskeli huku ameshika feni kwa kidole isizunguke. Akatueleza kwamba asubuhi mashine inakuwa baridi, kwa hivyo inafanya kazi. Ikishafanya kazi kwa muda wa saa tano au sita inapata joto, inachoka, inasimama ili isiungue. Aliyekuja asubuhi angepita. Aliyekuja mchana angekwama, awe nani.

Kisha akauliza, "Barua ngapi ziko wazi sasa hivi?"

"Zote za leo."

"Kwa nini hamfungi?"

Jepchumba ndiye aliyetusemea, Madam. Alimwambia tulikuwa tumemkataza. Tulitaka kila jina likae pale chini ya skrini mpaka jioni tuwe tunaliona. Likifungwa, tuliona ni kama limechukuliwa. Awuor akaacha mzaha. Akasema mashine ni ya zamani, akili yake ni ndogo, ukiifungulia barua ishirini inazidiwa hata bila joto. Akamweka kila mama kwenye kiti, mmoja mmoja. Hifadhi. Funga. Sasa fungua tena. Mimi nilifunga jina la Wacera kwa kidole changu, nikalifungua, likawepo. Nilirudia mara nne. Hakunifukuza.

Alituonyesha pia la kufanya ikisimama tena: uondoe mkono, ungoje dakika tano, ikikataa, ubonyeze vitufe vitatu pamoja, Ctrl, Alt na Delete, uifunge ile kazi moja iliyokwama, hizo nyingine zibaki. Kuzima kwa kitufe chake ni hatua ya mwisho. Waya wa ukutani hakuutaja kabisa.

TULIYOFANIKIWA

Jumatano, Alhamisi na Ijumaa tuliandika upya zilizopotea na kumaliza zilizobaki. Ijumaa alasiri barua zote mia moja arobaini na sita zilifika ofisini kabla hawajafunga mlango. Mpaka leo vyeti mia moja na arobaini vimerudi. Mama mmoja wa hapa Munyaka alibusu cha mtoto wake mbele ya askari.

Mashine haijasimama tena, isipokuwa siku moja mwezi wa tano ambapo mtu alichomeka flashi iliyotoka kwa saibakafe ikiwa na virusi. Awuor aliisafisha. Sasa mama watano wanajua kupiga chapa. Mimi ni wa tano, kwa vidole viwili. Mwalimu wetu ni Jepchumba. Nilimwomba msamaha mbele ya kikundi, akanijibu, "Kaa hapo, andika jina langu bila makosa, tutaona." Nilikosea mara ya kwanza.

Vile vitambaa bado tunavyo. Jioni tukishazima na mashine ikapoa, tunaifunika.

YANAYOTUSUMBUA

Vyeti sita havijarudi. Vyote sita ni vya wale watoto ishirini na watatu wa siku ile, barua zilizoandikwa mara ya pili kwa haraka. Inasemekana tarehe zimegongana na daftari la ofisi. Watatu ni wa Turbo, watatu wa Munyaka. Kikundi kimenikataza nisitaje jina lolote hapa, ila wakasema moja nitaje, kwa kuwa mama yake ndiye anasoma. Wacera yuko darasa la saba. Mwezi wa kwanza anaandikishwa mtihani. Ananiuliza kila Jumatatu, nami namwambia cheti kiko njiani.

La pili, chumba bado kina unga. Tunapanguza kila siku, lakini mashine ya posho ni mashine ya posho.

La tatu tunalisema polepole. Machi ijayo kuna uchaguzi. Jana kwenye foleni ileile tulisikia kwamba hizi kompyuta kumi zimeletwa kuandika nani anakaa wapi. Safari hii hatukwenda nalo nyumbani. Tulimwita aliyesema, tukamwingiza ndani, tukamketisha, tukamfungulia kila barua. Alikaa saa moja. Alipotoka aliomba aandikiwe ya mtoto wake.

MAOMBI YETU

Tunaomba utushike mkono kwenye ofisi ya vyeti kwa hao watoto sita, kabla ya shule kufungwa. Barua zao ziko kwenye bahasha hii, na shahidi wa kila mmoja yuko hapa uwanjani. Wakisimama utawaona.

Tunaomba fundi apitie vikundi vyote mara mbili kwa mwaka, asingoje kuitwa. Tunampendekeza Awuor, ambaye amejificha kule nyuma.

Na tunaomba leo, kwa kinywa chako, useme kompyuta hizi ni za kazi gani. Sema kwa sauti, sema mara mbili, wa mbali wasikie.

Mungu akulinde barabarani, Madam, akupe afya na watu wazuri wa kufanya kazi nao. Awalinde watoto wa pande zote hizi mwezi wa tatu ukifika, na baada yake.

Vikundi kumi vinavyochukua mashine leo, haya ndiyo ya kuepuka. Tumeyaandika ukutani kwetu, myaandike kwenu:

Usifunike mashine ikiwa imewashwa.
Usiiweke karibu na unga, jiko au dirisha la vumbi.
Usingoje jioni kuhifadhi. Hifadhi kila barua ikiisha.
Usiache barua nyingi wazi. Ikifungwa bado ipo.
Usichomeke flashi usiyojua imetoka wapi.
Ikisimama, usibonyezebonyeze kila kitu.
Usivute waya.
Usiketishe mtu mmoja tu anayejua kuandika. Fundisheni wengine.
Usipange zamu kwa makabila, hata kama ni kwa ajili ya gari na maziwa.
Usiseme "ni wale" kabla fundi hajaifungua.
Usimwache mama na hofu yake nje ya mlango. Mwingize, mpe kiti, mwonyeshe jina la mtoto wake.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama Tuandikane,
Munyaka, Eldoret.