Mzee Yonasi Silwimba na Timu ya Magongo ya Tunduma

Tarehe 30 Juni 1956 Mzee Yonasi Silwimba, nyapara wa kambi yetu ya barabara, anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya kazi. Wengi mnamjua kwa sauti yake, inayosikika hata greda likiunguruma. Sisi wachezaji tunamjua pia kama nahodha na golikipa, na kusema kweli kuondoka kwake kumetutia wasiwasi.

Alitoka Ndalambo mwaka 1928 akaanza kama kibarua wa sululu. Mwaka 1934 fundi wa magari, Bwana Kartar, Kalasinga aliyependa mpira wa magongo kuliko chakula, alisawazisha kiwanja nyuma ya karakana akatafuta watu wa kucheza naye. Yonasi alijitokeza wa kwanza. Magongo waliyachonga wenyewe, na katika mechi ya kwanza yalivunjika moja baada ya jingine, watazamaji wakacheka mpaka wakakaa chini. Baadaye timu hiyo hiyo iliwafunga Mbeya, tena kwao.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya Machi 1949. Tulikuwa tunacheza na Mbeya hapa kwetu. Mpira, mgumu kama jiwe, ulimpiga golikipa wetu Hezron kwenye paji la uso. Alianguka, hakuamka. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na hospitali ya misheni iko Mbozi. Yonasi alimpakata nyuma ya lori, sisi na wachezaji wa Mbeya tukisukuma kila liliponasa kwenye tope. Njia nzima aliweka kiganja puani kwa Hezron, kuona kama bado anapumua.

Kesho yake alifika hospitalini Enesi, mama yake Hezron, ambaye hana mtoto mwingine. Yonasi aliinuka kumpisha kiti.

“Baba Elina,” Enesi alimwambia, “mwanangu asipoamka, timu yenu usinitajie tena.”

“Sitaitaja, mama,” alijibu, akabaki amesimama ukutani.

Hezron aliamka Jumanne, akaomba uji. Alipona, isipokuwa jicho la kushoto, ambalo haoni nalo vizuri mpaka leo.

Baada ya hapo hakuna aliyekubali kukaa golini. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokataa. Kiwanja kikaanza kuota majani. Yonasi, mtu mzima wa miaka arobaini na minane, hakumlaumu yeyote. Alikwenda kwa Enesi kuomba ruhusa.

“Chezeni,” Enesi alisema, “lakini pale golini usimweke mtoto wa mtu.”

Basi akashona magunia ya kahawa, akayajaza sufi, akajifunga miguuni na kifuani, akasimama mwenyewe. Vijana wakarudi mmoja mmoja. Amekaa hapo hadi msimu huu.

Mwezi ujao tunacheza na Mbeya, na nahodha mpya ni mimi. Juzi nilimwambia kwamba usingizi hauji.

“Mimi nimeogopa kila Jumamosi,” alisema, akifunga kamba za buti. “Nilikuwa nafika uwanjani na hofu yangu, nawapanga watu, tunaanza.”

Mzee Yonasi, asante kwa barabara, na kwa kusimama mahali ambapo sisi tulikataa. Wewe na Mama Elina mpate mvua njema huko Ndalambo, afya, na maisha marefu ya amani. Siku ya Mbeya usiwe na shaka: golini nitakaa mimi.

Nathanaeli Sichone,
karani wa stoo