Mama Kornelia Hhando na Divai Iliyomsubiri Mgeni Rasmi

Alhamisi hii, tarehe 30 Juni 1994, Mama Kornelia Hhando anakabidhi funguo za nyumba ya wageni ya Shamba la Ngano Gidahamer baada ya kuitumikia nyumba hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Katika muda huo mameneja wamekuja na kuhamishwa, matrekta yamepokewa kwa ngoma na kuuzwa kama vyuma chakavu, na sasa shamba lenyewe linasemwasemwa kwamba huenda likabinafsishwa. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu nimekuwa mtunza ghala hapa karibu muda wote huo, na pia kwa sababu, kama walivyosema wenzangu wa kamati ya sherehe, nina maneno mengi. Wameniomba nichague mambo ya kuchekesha. Nitajitahidi, ila siwaahidi.

Mama Kornelia alizaliwa Dongobesh, huko Mbulu, katika familia ya wakulima. Mama yake mzazi alijulikana kwa kupika pombe ya asali, na tangu akiwa binti mdogo Kornelia ndiye aliyepewa kibuyu aonje kabla ya mtu mwingine yeyote, aseme kama imeiva au bado. Alikuja Gidahamer mwaka 1972 kama msaidizi wa jikoni, wakati nyumba ya wageni ilikuwa kibanda cha mabati chenye vitanda viwili na mlango usiofungika. Miaka miwili baadaye alifunga ndoa na Joakimu Bura, fundi mkuu wa karakana, mtu mrefu, mpole, mwenye mikono ya grisi hata siku ya harusi.

Wageni waliopita mikononi mwake hawahesabiki. Ile miaka ya foleni, sukari na sabuni vilipoadimika, wageni wa Gidahamer waliendelea kula mkate wa moto kila asubuhi, na hakuna aliyejua chachu alikuwa anaipata wapi. Afisa mmoja kutoka makao makuu, gari lake lilipokwama kwenye tope upande wa Dirma, alifika hapa amechafuka hadi magotini, akataka kuingia moja kwa moja sebuleni. Mama Kornelia alimwamkia vizuri, akamwekea beseni la maji na kigoda pale nje, akasimama mlangoni mpaka yule bwana aliponawa miguu. Mwaka uliofuata afisa huyo alirudi na soksi za akiba kwenye mfuko wa koti.

Lakini ukimtaja Mama Kornelia hapa Gidahamer bila kutaja divai, watu watakuuliza kama kweli unamfahamu.

Mwaka 1981 alikuja fundi wa kombaini kutoka Hispania, Bwana Anselmo. Mashine mbili mpya zilikuwa zimegoma katikati ya mavuno, na kwa wiki nzima yeye na Joakimu walilala chali chini yake. Huyu hakujua Kiswahili, yule hakujua Kihispania, wakawa wanabishana kwa spana. Mashine zilipowaka, Bwana Anselmo alitoa kwenye gari kasha la divai nyekundu ya kwao, chupa kumi na mbili, akalikabidhi kwa Joakimu na watu wa karakana. Kwa msaada wa mkalimani alieleza kwamba hiyo si divai ya matajiri. Kwao hunywewa na madereva wa matrekta mchana, pamoja na mkate na vitunguu, na bei yake haimtishi mtu. Kwa sasa bado ni changa na kali, alisema, lakini ina nguvu ya kukaa miaka mingi. Wailaze mahali penye giza na baridi, wafungue chupa moja kila mwaka baada ya mavuno, waione inavyokua. Siku itakapofika, watajua wenyewe, na siku hiyo wasiilaze tena, wainywe.

Mama Kornelia aliilaza chini ya sakafu ya stoo ya jikoni, katikati ya mbegu za viazi. Kizibuo hakikuwepo, kwa hiyo Joakimu alikitengeneza karakana kwa waya wa springi na mpini wa tindo. Hivyo ndivyo ilivyoanza desturi yetu. Kila mwaka, ngano ikishaingia ghalani, watu wanne tulikutana jikoni kwa Mama Kornelia: yeye, mumewe, mimi, na Zubery Abdulrahmani, dereva wa lori.

Zubery anatoka kwenye familia ya wafanyabiashara Waislamu wa Katesh na hajawahi kuweka kileo mdomoni. Tulimwita kwa ajili ya pua yake. Mtu huyu anaweza kunusa dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa akiwa bado barabarani. Alikuwa anakaa karibu na dirisha, kikombe chake cha chai mkononi, ananusa glasi, anatoa maoni, anairudisha mezani. Tulimtania kwamba yeye ndiye hakimu pekee asiyeweza kuhongwa.

Mama Kornelia alikuwa na utaratibu wake. Alimimina kidogo, akainua glasi mbele ya mfuko mweupe wa unga ili aone rangi, hasa pale pembeni inapokuwa nyembamba. Kisha alinusa mara moja tu, akaonja, akakaa kimya. Hakuruhusu mtu aseme kabla hajameza na kusikiliza kinachobaki mdomoni. Mwaka wa kwanza ilikuwa nyeusi kama maji ya zambarau, na ilikausha ulimi kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Alikunja uso, akasema, "Hii bado ina hasira." Mwaka uliofuata hasira ilikuwepo, ila imepungua sauti. Mwaka 1984 Zubery alisema kwamba sasa anasikia tunda ndani yake, na Joakimu, ambaye kwa kawaida alikubali kila kitu alichosema mkewe, alibisha kwamba si tunda, ni tumbaku. Walibishana mpaka chai ikapoa.

Kisha ukaja mwaka 1986. Rangi ilikuwa imetulia, na pembeni ya glasi palionekana wekundu wa tofali lililochomwa vizuri. Zubery alinusa, akanusa tena, kitu ambacho hakuwa na kawaida ya kufanya, akasema anasikia ngozi ya kiatu kipya, na zambarau zilizoanikwa, na udongo unaponyeshewa mvua ya kwanza. Mimi si mtu wa maneno laini, lakini ile divai ilipita kooni ikaacha kitu ambacho sikutaka kukifuata na chai. Mama Kornelia alimeza, akajiongezea kidogo. Joakimu ndiye aliyesema kwanza, akicheka: "Kornelia, ni sasa. Tusingoje tena."

Naye alikubali. Alisema ndiyo, imefika. Ilipangwa kwamba Jumapili ya pili watu wote wa karakana waliohangaika na zile kombaini wachinjiwe mbuzi, na chupa zote zilizobaki zifunguliwe. Joakimu alilitaka jambo hilo sana. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua, anakohoa mpaka anashika ukuta, na alimwambia mkewe mbele yetu kwamba angependa kuwaona vijana wake wakionja kitu kilichoiva, walichokipata kwa jasho lao.

Siku chache kabla ya Jumapili hiyo, uongozi wa wakati ule ulipata habari kwamba ghala jipya litafunguliwa na mgeni rasmi kutoka juu. Ilionekana ni aibu kumwekea mtu mkubwa bia peke yake wakati shamba lina divai ya Ulaya iliyoiva. Mama Kornelia akaombwa aitunze. Hakulazimishwa, nataka hilo lieleweke. Aliombwa kwa heshima, naye akakubali, kwa sababu huku kwetu kitu kizuri kikishatajwa kuwa cha mgeni hakiguswi, na mtoto wa Mbulu analijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Mbuzi walichinjwa, watu wakanywa soda na togwa. Joakimu hakulalamika. Alisema tu kwamba divai haijui kusoma ratiba.

Mgeni rasmi hakuja. Kwanza kulikuwa na kikao Dodoma. Tukapewa tarehe ya Novemba, mvua zikaanza, barabara ikakatika huko Balangdalalu. Tukapewa tarehe nyingine, pakatokea udhuru. Kila mara tulifagia, tukapaka chokaa mawe ya barabarani, tukawafundisha watoto wa shule wimbo, na Mama Kornelia akapiga pasi vitambaa vya meza. Ghala lenyewe lilikuwa limejaa ngano hadi darini na mimi nafanya kazi ndani yake kila siku, ila kwa mujibu wa utaratibu lilikuwa bado halijafunguliwa.

Mwaka 1987 hatukukutana jikoni. Chupa zilikuwa za mgeni, na kuonja ingekuwa kumpunguzia. Joakimu alikuwa ameshalazwa mara mbili. Mama Kornelia anasimulia kwamba jioni moja Joakimu, akiwa amekaa kitandani na blanketi mabegani, alimuuliza divai imefikia wapi. Hakuomba apewe. Aliuliza hali yake tu, jinsi mtu anavyouliza habari za ndugu aliye mbali. Mama Kornelia alimjibu kwamba hajui, hajaifungua. Joakimu akatikisa kichwa, akasema, "Haya, mama." Alifariki mwezi Februari 1988, trekta zikiwa shambani zinapanda.

Mgeni rasmi alipatikana mwaka 1989. Alikuwa mwingine, maana yule wa kwanza alikuwa ameshahamishwa. Alikata utepe wa ghala ambalo sakafu yake ilikuwa imeanza kupasuka, akaketi mezani, na Mama Kornelia akamfungulia divai kwa kile kizibuo cha mumewe. Bwana mkubwa aliitazama, akashukuru kwa adabu, akaomba soda ya chungwa. Alikuwa na vidonda vya tumbo. Simlaumu kwa hilo, tumbo ni la mtu mwenyewe. Msafara wake ulikunywa bia, wakaondoka mapema wasije wakakutwa na giza njiani.

Walipoondoka, Mama Kornelia aliibeba ile chupa hadi jikoni, akatuita Zubery na mimi. Akainua glasi mbele ya mfuko wa unga. Ilikuwa bado nzuri, nisiseme uongo, lakini ilikuwa inateremka. Wekundu ulikuwa umeanza kuwa kahawia, tunda limebaki kwa mbali, na kile kilichokuwa kinakaa mdomoni kilikuwa kinaondoka upesi. Tulingoja hukumu yake. Alisema, "Joakimu alisema ni sasa," akageuka kuosha vyombo. Nilichukua kitambaa, nikaanza kukausha alivyoosha.

Chupa zilizobaki hakuna mgeni aliyezitaka tena, na Mama Kornelia alirudia ule utaratibu wa zamani, moja kila mwaka. Wengi walimshangaa. Ningekuwa mimi ningezigawa zote siku moja, nisizione. Yeye alisema kwamba kazi ya kuonja haichagui miaka mizuri tu. Kwa hiyo tuliionja ikizeeka, tukiwa watatu, na kila mwaka alisema ukweli wake. Mwaka 1991 ilikuwa na rangi ya chai ya rangi na uchachu pembeni mwa ulimi. Mwaka jana ilinuka gunia lililoloweshwa. Mwezi huu alifungua ya mwisho. Zubery alinusa, akageuza uso dirishani, akasema pole pole, "Mama, imekwenda." Mimi nilionja kwa heshima, nikatema.

Mama Kornelia hakutema. Alimeza, akasikiliza kama kawaida yake, kisha akatoa hukumu ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia. Alisema divai haikukosa chochote. Ilikuwa ya bei ndogo, ikafanya zaidi ya bei yake, ikafika siku yake kama ilivyoahidiwa, na ilipofika ikatukuta tunamngoja mtu mwingine. Alisema angepewa tena siku moja tu katika miaka yake ishirini na miwili, asingechagua siku ya harusi wala ya kupandishwa cheo. Angechagua ile Jumapili ya mbuzi, afungue chupa zote, amjazie Joakimu glasi mpaka imwagike kitambaani.

Nimeandika haya kwa ruhusa yake. Nilimwuliza kama si vibaya kuweka huzuni ya namna hii kwenye ratiba ya sherehe, akaniambia niache kama ilivyo, watu wa Gidahamer si watoto.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunamshukuru kwa mkate wa miaka ya foleni, kwa shuka safi, kwa beseni la mlangoni, na kwa ulimi usiojua kudanganya. Fabiola, anayepokea funguo, ameagizwa jambo moja tu na mtangulizi wake: kitu kizuri kikiingia humu, wapewe waliopo. Mama Kornelia anarudi Dongobesh kwenye shamba la familia, na Zubery ameshasema kwamba lori litampeleka hadi mlangoni.

Kamati inatangaza kwamba mgeni rasmi wa sherehe hii ametuma taarifa kuwa huenda akachelewa. Mstaafu ameomba asingojwe, na kamati, baada ya majadiliano marefu ambayo sitayaeleza hapa, imekubali. Chakula kitapakuliwa saa saba kamili. Mama Kornelia, tunakutakia mapumziko ya amani na afya njema. Leo usishike sahani ya mtu yeyote. Keti, wewe ndiye utakayepakuliwa wa kwanza.

Severine Tadei
Mtunza Ghala